VIAZI ASUBUHI, VIAZI JIONI

Ni mara ngapi tumenung'unika bwaloni eti ni githeri tena? Hebu leo tutembee mashambani Ayalandi, tuone maskini wa huko walikula nini kabla ya mwaka wa 1845.

Jibu ni viazi. Asubuhi viazi, mchana viazi, jioni viazi! Mama alivichemsha na maganda yake katika chungu cha chuma chenye miguu mitatu, juu ya moto wa udongo wa kinamasi uliokatwa kama matofali na kukaushwa. Vikiiva, alivichuja kapuni, kapu likawekwa juu ya chungu, jamaa wote wakalizunguka. Sahani za nini? Kiazi kilimenywa kwa kucha, kikachovywa chumvini na kuteremshwa kwa maziwa ya mtindi. Siagi yenyewe iliuzwa. Nguruwe naye alilishwa viazi, kisha akauzwa ili kodi ya shamba ilipwe. Mwanamume wa kazi aliweza kumaliza kilo 5 kwa siku!

Msicheke. Viazi na mtindi viliwapa nguvu na afya. Tena vishamba vyao vya kukodi vilikuwa vidogo mno, na hakuna zao jingine lililoweza kushibisha watu wengi hivyo. Taabu ilikuja kila Juni hadi Agosti, viazi vya zamani vimekwisha na vipya havijakomaa.

Basi mwaka wa 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu. Majani yakawa meusi, viazi vikaoza ardhini. Mwaka wa 1846 karibu mavuno yote yakapotea. Wahenga walisema akiba haiozi. Jamani, ya hawa ilioza! Kufikia 1852, watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 wamehama. Ajabu ni kwamba meli ziliendelea kupeleka nafaka ya Ayalandi Uingereza. Chakula kilikuwepo, ila mwenye njaa hakuwa na pesa za kukinunua.

Kwa hivyo kosa si la kiazi. Kosa ni chungu kutegemea zao moja, na mkulima kukosa njia nyingine. Ukungu huohuo unawasumbua wakulima wa viazi hapa Kenya hadi leo. Je, nyumbani kwenu mahindi yakikosekana, mtapika nini?

CHEMSHA BONGO
1. Kwa nini siagi na nguruwe havikuliwa nyumbani?
2. Eleza tofauti kati ya kukosa chakula na kukosa pesa za chakula.
3. Taja mazao matatu ya kwenu yanayostahimili ukame.