Kuisoma Kadi ya Mtoto: Maana ya Kupanda na Kushuka kwa Mstari



Mama atokaye kumpima mtoto hapa Isevya hurudi nyumbani na kadi. Ndani ya kadi hiyo mna mistari iliyopindika ikipanda juu, na nukta zilizotiwa kwa kalamu mwezi kwa mwezi. Akiambiwa, "Mtoto ameshuka," hofu humwingia. Akiambiwa, "Mtoto yuko chini," huona haya mbele ya wenzake. Mara nyingi huja kumwuliza mwalimu au mzee wake maana ya maneno hayo. Basi yatupasa sisi tujuao kusoma tuielewe kadi hii sawasawa, tusije tukamtisha mtu bure, wala kumtuliza yule ambaye mtoto wake yumo hatarini.

1. Nafasi katika mia ni nini?

Watu wa Tabora wazijua habari za misafara. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda kwa safu ndefu, mmoja nyuma ya mwenziwe, kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, kilangozi akitangulia. Fikiri basi safu ya namna hiyo, lakini ya watoto 100, wote wavulana, wote wenye umri wa miezi 6, wote wazima. Aliye mwepesi kuliko wote amewekwa mkiani, na aliye mzito kuliko wote amewekwa mbele. Ukihesabu kutoka mkiani, kila mtoto ana nafasi yake katika mia. Wataalamu huiita nafasi hiyo pasentaili. Kadi nyingine huonyesha mistari ya 3, 15, 50, 85 na 97. Nyingine huonyesha njia kwa rangi. Kanuni ya kuisoma ni moja. Wasichana wana safu yao mbali, kwa kuwa uzito wao ni pungufu kidogo.

Twaona hapa neno la kwanza: nafasi si alama ya mtihani. Katika safu lazima mmoja awe mbele na mwingine nyuma, na wote ni wazima. Mtoto wa nafasi ya 15 hakushindwa, wala wa 85 hakushinda. Bali aliye chini ya mstari wa 3 yafaa achunguzwe, maana katika watoto 100 wazima ni watatu tu wapatikanao huko.

2. Safu hiyo ilitoka wapi?

Tangu mwisho wa miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani lilitumia vipimo vya watoto wa Marekani, ambao wengi wao walilelewa kwa maziwa ya chupa. Lakini mtoto anyonyaye maziwa ya mama hukua upesi katika miezi ya kwanza, kisha hupunguza mwendo kuliko yule wa chupa. Kwa vipimo vile alionekana kama aangukaye, hali hana neno. Na mama aliweza kushauriwa kumpa uji kabla ya wakati.

Kwa hiyo, kati ya miaka 1997 na 2003, wataalamu waliwapima watoto walionyonyeshwa vema katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Vipimo vipya vilitangazwa mwezi wa Aprili 2006. Ilionekana kwamba watoto wa nchi hizo, wakilishwa vema na kutunzwa vema, hukua karibu sawasawa. Basi hatuwezi kusema, "Watoto wa kwetu ni wadogo kwa asili," na kumwacha mtoto aliyepungukiwa na chakula.

3. Watoto wawili, nafasi moja

Sasa tuwatazame wavulana wawili kwa mfano. Wa kwanza alizaliwa na kilo 2.9. Alipotimiza miezi 6 alikuwa na kilo 7.1, na miezi 9 kilo 7.9. Mara zote tatu alikuwa katika mstari wa 15. Ni mdogo, lakini hakuiacha njia yake.

Wa pili alizaliwa na kilo 3.3, na alipokuwa wa miezi 6 alikuwa na kilo 7.9, mara zote mbili alikuwa katika mstari wa 50. Miezi 9 akapimwa tena: kilo 7.9. Mama alifurahi, maana mtoto hakupungua hata kidogo. Lakini watoto wenziwe waliendelea na safari, naye alisimama. Wale 35 waliokuwa nyuma yake wamempita, na sasa yuko katika mstari wa 15. Akisimama hivyo hivyo mpaka mwaka mmoja, atakuwa karibu na mstari wa 3.

Leo watoto hawa wana uzito mmoja na nafasi moja. Mtu awaonaye siku moja tu hawezi kuwapambanua; kadi ndiyo isemayo kwamba wa kwanza yu salama na wa pili amepatwa na jambo. Hili ndilo fundisho letu kubwa: usitazame nukta moja, itazame njia. Kwa sababu hiyo Daktari David Morley, aliyefanya kazi Nigeria katika miaka ya 1950, alitaka kadi ikae kwa mama mwenyewe, isifungiwe kabatini hospitali, ili habari za safari yote zifuatane na mtoto.

4. Mabadiliko yasiyo ya kutisha

Si kila kushuka ni ugonjwa. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za kwanza, kisha huurudia uzito wake wa kuzaliwa kwa muda wa juma mbili hivi. Tena uzito wa kuzaliwa wategemea sana hali ya tumbo la mama, lakini baadaye mtoto hufuata kimo cha urithi wake. Mtoto aliyezaliwa mkubwa wa wazazi wadogo aweza kushuka polepole, kisha akashika njia yake na kudumu nayo. Akiwa achangamka, anyonya vema, na uzito wazidi kila mwezi, mwuguzi atamwangalia tu.

Aliyezaliwa kabla ya siku zake naye ahesabiwe kwa haki. Aliyetangulia miezi 2, akitimiza miezi 6 alinganishwe na watoto wa miezi 4.

Tena kuna kosa la mizani. Je, mshale ulianza kwenye sifuri? Je, mtoto alivuliwa nguo? Je, nukta ilitiwa penye mwezi wake? Nukta ikitiwa mwezi mmoja mbele, mtoto mzima huonekana ameshuka. Basi kwanza pima tena.

5. Mabadiliko ya kuangaliwa upesi

Mtoto apelekwe kwa mwuguzi bila kukawia ikiwa mstari wake umelala miezi miwili, au umeelekea chini, au umevuka mistari miwili ya kadi. Asingoje siku ya kupimwa ikiwa ana homa, aharisha, atapika, au akataa ziwa. Katika nchi yetu malaria na kuhara huangusha watoto wengi.

Wakati mwingi wa hatari ni baada ya miezi 6, maziwa peke yake yasipotosha tena. Mtoto hupewa uji mwepesi wa muhogo au mahindi, ujazao tumbo lakini usiojenga mwili. Uji na uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa vizuri, au dagaa waliopondwa, au yai. Apewe mara nyingi kwa siku, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili. Asali ya Tabora yasifiwa mbali, lakini asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, maana yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Hatari ya pili ni mama kushika mimba upesi na kumwachisha mtoto ziwa. Jina la kwashiakoo latoka katika lugha ya Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935, nalo lataja ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mwingine azaliwapo. Angalia sana: katika ugonjwa huo miguu huvimba maji, na maji yana uzito. Mstari waweza kupanda hali mtoto yu karibu na kufa. Bonyeza juu ya mguu kwa kidole. Shimo likibaki, mpeleke hospitali siku ile ile.

6. Kusoma bila kutenda ni bure

Katika mkoa wa Iringa, tangu mwaka 1984, vijiji 168 viliwapima watoto wao mara kwa mara mbele ya wanakijiji. Walifuata mambo matatu: kupima, kutafuta sababu, kutenda, kisha kupima tena. Waliuliza: Mama ana nafasi ya kupika wakati wa kilimo? Nani akaa na mtoto? Hapa kwetu, mama akishinda katika shamba la tumbaku na mtoto akala mara moja tu, je, kosa ni la mama peke yake? Baba naye aitwe, aione kadi, ajue kuisoma.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mtoto wa nafasi ya 15 aweza kuwa salama, na wa nafasi ya 50 aweza kuwa hatarini?
2. Mtoto hakupungua uzito kwa miezi mitatu. Utamwambia nini mama yake?
3. Ni lini mstari unaopanda waweza kutudanganya?
4. Katika mtaa wako, ni nani awezaye kumsaidia mama kumlisha mtoto siku za kilimo?