Je, Bella Afaa Kuwa Kiigizo cha Binti Zetu?

 

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi alisimama mzee mmoja, mkononi ameshika kitabu kinene cha Kiingereza, jalada lake jeusi lina picha ya mikono miwili iliyopakata tufaha jekundu. Alisema amekiona chini ya mto wa binti yake mwenye miaka 16, na alipomuuliza anasoma nini, binti alimjibu bila ya kuficha: "Namsoma Bella, baba. Natamani niwe kama yeye." Mzee akatuuliza: "Nikichome moto, ama nimwache asome? Na huyo Bella ni nani?"

Baadhi ya waliokuwako walisema papo hapo kichomwe. Sisi tuliomba tuazimwe kwanza, kwani kulihukumu usilolijua si katika adabu ya elimu. Tumekisoma, na vitatu vilivyokifuata pia, na haya ndiyo majibu yetu.

KITABU CHENYEWE

Kitabu hicho chaitwa Twilight. Kimetungwa na bibi wa Kimarekani, Stephenie Meyer, na kilitoka mwaka 2005. Vilifuata New Moon mwaka 2006, Eclipse mwaka 2007 na Breaking Dawn mwaka 2008. Vyote pamoja vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100, na vimetolewa filamu 5 baina ya mwaka 2008 na 2012. Basi asidhani mtu kwamba jambo hili ni la nyumba moja ya mtaani kwetu.

Bella ni msichana wa miaka 17. Wazazi wake waliachana tangu yeye mchanga. Anatoka mji wa joto wa Phoenix, aliko mama yake, na kwenda kukaa na baba yake, mkuu wa polisi, katika kijiji cha mvua kiitwacho Forks. Huko skuli anampenda kijana mzuri wa sura, Edward, ambaye kwa kweli si kijana wala si mtu: ni zimwi linyonyalo damu, lililozaliwa mwaka 1901 na kubaki na umri wa miaka 17 tangu mwaka 1918. Sisi tuliwatisha watoto wetu kwa hadithi za mumiani, wakajifunika shuka gubigubi. Leo mumiani amekuja kwa sura ya mchumba, na watoto hawamkimbii tena.

Hayo ya mazimwi ni khurafa, na msomaji mwenye akili ajua kwamba ni hekaya. Si hapo penye khatari. Khatari huwa katika yale yanayofanana na maisha: jinsi msichana apendavyo, aaminivyo, na anavyoipima nafsi yake.

YALIYO MEMA KWAKE

Uadilifu watutaka tuseme mema kwanza. Bella hakuhamia Forks kwa anasa. Alimwona mama yake ameolewa tena na kutamani kusafiri na mumewe, basi yeye akajiondoa ili mama apate raha. Kwa baba yake alishika jiko akampikia. Si mwenye kujishaua kwa mapambo, na hupenda kusoma vitabu. Na alipodhani mama yake ametekwa na adui, alikwenda peke yake kumkomboa, hali ajua kwamba huenda akafa. Nani kati yetu asingefurahi binti yake kuwa na huruma na ushujaa kama huo?

Tena liko jambo litakalowashangaza wale waliotaka kitabu kichomwe. Yule Edward hakubali kumwingilia Bella mpaka wafunge ndoa. Bella ndiye aliyekuwa akiogopa ndoa, kwa sababu ya yale aliyoyaona kwa wazazi wake.

Mtungaji mwenyewe amekwisha kusikia lawama kwamba msichana wake ni dhaifu mno. Mwaka 2015 alitoa kitabu kingine, Life and Death, akaigeuza hadithi ile ile: Bella akawa mvulana, na zimwi likawa la kike. Alitaka kuonyesha kwamba udhaifu ule si wa kike, bali ni wa binadamu yeyote aliyeingia kati ya viumbe wenye nguvu kumshinda. Hoja hii yafaa kusikilizwa. Lakini haitoshi, kwani sisi hatuulizi kwa nini Bella hana nguvu za mwili. Twauliza kwa nini anaitoa nafsi yake.

YASIYOFAA KUIGWA

Kwanza: Edward huingia chumbani mwa Bella usiku, bila ya idhini, akamtazama amelala. Bella anapojua haoni kuwa ni uvunjaji wa heshima yake, bali afurahi. Katika kitabu cha tatu anakwenda mbali zaidi: alitoa kitu katika mashine ya gari la Bella ili asiweze kwenda kumzuru rafiki yake. Haya kitabuni yaitwa mapenzi na hifadhi. Katika nyumba zetu twawajua wanawake waliozuiliwa hata kuwazuru mama zao, na jina lililotumiwa lilikuwa hilo hilo. Binti aliyejifunza kwamba kufungiwa ndiko kupendwa, siku atakapofungiwa kwa dhuluma hatajua kwamba amedhulumiwa.

Pili: Edward anapoondoka, katika kitabu cha pili, Bella anazimika kama taa. Mtungaji ameacha kurasa tupu zenye majina ya miezi tu, kuanzia Oktoba hadi Januari, kana kwamba msichana hakuishi. Kisha anajitia katika khatari makusudi, hata kuruka jabalini baharini, ili aisikie sauti ya Edward akilini mwake. Huzuni ya kuachwa ni kweli, wala hatuicheki. Lakini kuifanya roho yako iwe amana mikononi mwa kiumbe ni jambo kubwa. Roho hii ni ya Mola wake.

Tatu: yuko tayari kuwaaga baba na mama milele, na kuacha masomo, kwa ajili ya mtu mmoja. Na kwa muda mrefu humficha baba yake mambo, mpaka kila anaposema naye pana uwongo ndani.

MIFANO TULIYO NAYO

Huenda binti akasema: "Nyinyi mwanikataza Bella kwa kuwa dini haijui mapenzi." La, mwanangu. Mfungulie Sura ya Al-Qasas, aya ya 23 hadi ya 28. Nabii Musa amekimbia Misri, ni mgeni asiye na kitu. Kwenye kisima cha Madyan awaona wasichana wawili wamesimama pembeni na kondoo zao kwa kuwa wanaume wamejaa, na baba yao ni mzee. Anawanywishia, kisha akaenda kivulini. Mmoja wao anarudi kumwita, akitembea kwa haya. Wafikapo nyumbani, msichana yule hakuficha rai yake: alimwambia baba yake amwajiri, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Baba akaelewa, na mwisho wake ukawa ndoa.

Tazama jinsi msichana huyu alivyopima. Alikuwa na macho na aliona, alikuwa na ulimi na alisema. Haya haikumfanya bubu. Lakini alipima kwa mizani mbili, nguvu na amana, na maneno yake aliyapeleka kwa baba yake mchana. Sasa mpime Edward kwa mizani hizo. Nguvu anazo: alilizuia gari kwa mkono lisimponde Bella. Amana je? Aingiaye kwa dirisha usiku amekwisha kujibu.

Na kisa cha Barira, katika Hadithi sahihi, chatufunza upande wa pili. Barira alikuwa mtumwa akaachwa huru, na sharia ikampa khiari ya kubaki na mumewe Mughith ama kumwacha. Akachagua kumwacha. Mughith akawa akimfuata katika njia za Madina, analia mpaka machozi yanatiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) alimhurumia, akamtaka Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamwambia kwamba anamwombea tu. Barira akasema hana haja naye, na Mtume hakumlazimisha. Ndugu zangu, mapenzi ya Mughith hayakuchekwa, lakini pia hayakufanywa deni juu ya Barira. Mwanamke aliyekuwa mtumwa jana aliijua thamani ya nafsi yake kuliko Bella.

Wala tusimsahau Bibi Khadija (R.A.). Alimjua Muhammad kwa uaminifu wake katika biashara, ndipo akapeleka ujumbe wa ndoa. Naye alipompenda hakupungua. Siku ya wahyi wa kwanza yeye ndiye aliyekuwa nguzo.

LAWAMA JUU YETU

Sasa tujitazame sisi. Kwa nini binti amkimbilie Bella? Kwa sababu Bella anaulizwa moyo wake unataka nini, na huyu wetu hakuulizwa na mtu. Sharia yataka bikira aombwe idhini, na kimya chake ni idhini. Wako baba waliokifanya kimya hicho kuwa mtego. Kimya cha haya si kimya cha hofu. Khansa binti Khidam, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na baba yake bila ya kuridhika, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akaivunja ndoa hiyo. Haki hii tunayo tangu karne 14, na tumeiweka kabatini, kisha twastaajabu binti akiitafuta kwa Wamarekani.

Tena binti zetu tumewafunza kusoma, lakini nyumbani hamna kitabu cha kusomwa. Mwana Kupona wa Siyu, katika mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na bado aliketi akamtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Huenda leo tusikubaliane na kila neno lake. Lakini alisema na mwanawe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

JAWABU

Basi tulimjibu mzee hivi. Usikichome. Ukikichoma, Bella atabaki moyoni mwa binti, nawe utakuwa umetoka. Keti naye, mwulize alichokipenda kwa Bella, umsikilize mpaka amalize. Likiwa ni huruma na ushujaa, msifu. Likiwa ni kuulizwa moyo wake, mwulize wewe. Kisha msome pamoja kisa cha Madyan, na umwachie mwenyewe apime. Kusoma habari za mtu ni jambo moja, na kumfanya kiigizo ni jingine. Bella ni msichana mwema aliyepotea kwa kutojua thamani yake: ahurumiwe, asifuatwe.

Mzee alikichukua kitabu chake akaondoka kimya. Wiki ya pili alikuja na binti yake, akaketi upande wa wanawake, na suala la kwanza siku hiyo lilikuwa lake: "Je, yule msichana wa Madyan angesema nini lau baba yake asingekuwa wa kusikiliza?" Hatukuwa na jawabu jepesi. Tumeliweka la kwanza katika masuala ya darsa ijayo.

MASUALA YA KUZUNGUMZWA

1. Hilo la binti, hapo juu.
2. Kuna tofauti gani baina ya mume kumhifadhi mkewe na kumfunga?
3. Ni dalili zipi zijulishazo kwamba mchumba ana amana, mbali na sura na mali?
4. Kila mzazi ajiulize: mara ya mwisho nilimsikiliza binti yangu, bila ya kumkatiza, ilikuwa lini?

Wabillahi tawfiq.