Kamera ya kuzamia ziwani

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Kipalapala, Tabora. Likizo hii napanda treni hadi Kigoma, nataka kupiga picha za samaki wa rangirangi wa Ziwa Tanganyika. Nichague kamera gani ndogo ya bei nafuu, na niitunzeje?

Jibu: Mwalimu, kwa kuogelea juujuu hakuna haja ya kamera mpya. Olympus Tough TG-6 huhimili kina cha mita 15, Nikon Coolpix W300 mita 30. Iliyotumika inatosha, mradi mpira wa mlango wa betri haujachanika. Kabla ya kulipa, toa betri na kadi, funga, izamishe kwenye beseni nusu saa, kisha fungua uone kama imeingia maji. Muuzaji akikataa, ondoka.

Mimi naogopa vumbi lenu kuliko ziwa: chembe moja, hata unywele, ikikaa kwenye mpira huo, maji yanapenya. Ufute kila unapofunga, na usifungue mlango mikono ikiwa imelowa. Ukitoka majini, isuuze kwa maji safi, uikaushe kivulini. Flashi izime, humulika vichembe vilivyo majini. Halafu msogelee samaki: maji hufifisha rangi, nyekundu kwanza.