Aliyeua Asiongeze Nafsi Yake

Katika fiqhi tumesoma hukumu za mwenye kuua: kisasi, diya na kafara. Tuliloligusa kidogo ni kwamba muuaji mwenyewe yumo hatarini kujiua. D. J. West, katika kitabu chake cha mwaka 1965, alionyesha kuwa takriban thuluthi ya mauaji aliyoyachunguza Uingereza yalifuatiwa na muuaji kujiua. Mwaka 2008 Seena Fazel na wenzake walikusanya tafiti za magereza, wakaona mahabusu na waliohukumiwa kwa kuua wamo hatarini zaidi ya wafungwa wengine.

Shetani humwambia: umeua, nawe jiue, ndiyo malipo. Tuipime kauli hii. Maulamaa wamesema kuua kuna haki tatu: ya Mwenyezi Mungu, ya mawalii wa marehemu, na ya marehemu mwenyewe. Ya kwanza ni toba. Ya pili ni kisasi kwa hukumu, diya au msamaha, na mawalii ndio wenye kuchagua. Ya tatu inangoja Akhera. Anayejiua hakulipa hata moja! Mawalii amewapokonya uchaguzi wao, na ameongeza dhambi iliyokatazwa katika Suratun Nisaa, aya ya 29.

Na dereva aliyemgonga mtoto bila kukusudia? Huyo hana kisasi kabisa. Aya ya 92 ya sura hiyohiyo imemwekea diya na kafara, na kwa kuwa leo hakuna mtumwa wa kuacha huru, atafunga miezi miwili mfululizo. Basi ajiulie nini?

Tuitazame Hadithi ya Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeua watu 99. Mtawa alimwambia hana toba, naye akamuua, wakatimia 100. Mwanachuoni akamwambia toba ipo, lakini auhame mji wake mbaya aende kwa watu wema. Alifia njiani, akachukuliwa na Malaika wa rehema. Sisi twaona jibu la mtawa lilikuwa la hatari: aliyekatiwa tamaa haogopi tena kitu, si kwa wengine wala kwa nafsi yake.

Kwa hiyo mtu huyo asiachwe peke yake, hasa siku za mwanzo. Aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Aambiwe mzazi au mwalimu, apelekwe kwa daktari. Na wewe msomaji, ukiwa na mawazo hayo, mwambie mwalimu leo hii, hutafukuzwa.

Wengine huuliza juu ya maiti ya aliyejiua. Katika madhehebu yetu ya Shafi huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huombewa dua kama Waislamu wengine.