Somo: Kumtayarisha Padre ni Kazi Yetu Sote



Watu wengine wamwonapo frateri akipita na vitabu vyake, husema: «Huyu ni mtu wa Askofu, mambo yake si yetu.» Maneno hayo si kweli. Sikilizeni.

1. Mungu hutayarisha polepole.

Padre wa kwanza wa Kongo, Stefano Kaoze, hakuzaliwa Mkristu. Alikuwa mkatekumeni kama ninyi, akasoma Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Baada ya miaka mingi Askofu Roelens alimpa Upadre huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, tarehe 21 Julai 1917.

Hata sasa Sheria ya Kanisa yataka masomo ya filosofia na teolojia ya miaka sita. Mtu awe ametimiza miaka 25. Tangu ushemasi hata upadre ipite walau miezi sita. Na kabla ya Daraja afanye mafungo ya siku tano au zaidi.

2. Frateri awe huru.

Ni marufuku kumshurutisha mtu awe padre, na ni marufuku kumzuia anayefaa. Mzazi amsukumaye mwanawe ili ukoo upate heshima hukosa. Naye amzuiaye kwa kutamani wajukuu hukosa vilevile.

3. Watu wamshuhudie.

Siku ya Daraja, Askofu huuliza kama mtu huyu anastahili. Anayemleta hujibu kwa kuwa watu wamekwisha ulizwa. Watu gani? Ni ninyi wa vijiji vya Jimbo la Kindu, wa ng'ambo hii na ile ya mto Lualaba, mliomjua tangu utoto.

Swali: Mkristu akijua kizuizi, afanyeje?

Jibu: Anapaswa kumjulisha Paroko au Askofu kabla ya siku ya Daraja.

Swali: Je, huko si kumsengenya ndugu?

Jibu: La. Kusengenya ni kutangaza ubaya wa mtu njiani na kisimani. Kumwambia kweli yule apaswaye kuisikia ni upendo.

Tufikiri: frateri fulani amekwisha kuoa mahali pa mbali. Ukoo wajua, lakini wanyamaza kwa kuogopa aibu. Nani ataumia? Ni mke aliyeachwa, ni frateri mwenyewe, ni Wakristu atakaotumwa kwao. Aibu iliyofichwa leo itakuwa kubwa zaidi kesho.

Swali: Na mkatekumeni, asiyebatizwa bado, afanye nini?

Jibu: Aanze sasa kuuzoeza ulimi wake: asizushe neno, wala asiifiche kweli kwa sababu ya ukoo.

Kusudi la juma hili: Kila jioni, nyumbani mwenu, waombeeni mafrateri kwa majina yao. Anayejua neno zito asilipeleke barazani. Alipeleke kwa Paroko.

Tusali: Ee Yezu, Mchungaji mwema, utupe mapadre watakatifu, nasi utupe moyo wa kusema kweli. Amina.