Ua la Pasaka: Somo Kutoka Kwenye Nyasi



Vijana wenzangu, leo tunajifunza kwa ua dogo la mbuga za nyasi za Amerika ya Kaskazini, lenye ndugu yake wa karibu huko Ulaya. Mwaka 1597 Mwingereza John Gerard, mwandishi wa kitabu cha mimea, alieleza kwamba lile la Ulaya alilipa jina la Pasaka kwa sababu lilichanua karibu na sikukuu hiyo. Jina likashika kwa wote wawili. Lile la Amerika ni ua rasmi la jimbo la South Dakota, Marekani, tangu 1903, na la Manitoba, Kanada, tangu 1906.

Lina nini cha kutufundisha?

Kwanza, linatangulia. Nyasi bado zimekauka, theluji inaweza kuanguka tena wakati wowote, na lenyewe limeshachanua, zambarau pembeni na manjano katikati. Halina kimo. Limejifunika vinyweleo laini, kama mtu aliyejitanda blanketi.

Pili, linakaribisha. Ua lina umbo la bakuli na hugeuka kulifuata jua, hivyo joto hukusanyika katikati. Mdudu akitua anapata chavua na mahali pa kuota jua. Wakati huohuo malkia wa nyuki bambi, wale nyuki wanene wenye manyoya, ndiyo kwanza anatoka ardhini. Kundi lake la mwaka jana limekufa lote, amebaki peke yake. Asipopata chakula, hakuna kundi jipya. Akipata, anataga, na watoto wake ndio watakaochavusha maua mengine kiangazi kizima. Yaani maua ya Julai yana deni kwa ua la Aprili!

Nilipokuwa nasoma falsafa, swali moja lilinikaa kichwani: kwa nini Mungu aumbe viumbe vya aina nyingi namna hii? Mtakatifu Thoma wa Akwino analijibu katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 47. Anasema wema wa Mungu hauwezi kuonyeshwa vya kutosha na kiumbe kimoja. Kinachopungukiwa na hiki kinajaziwa na kile. Basi fikiria: kiumbe kikitoweka, tumepoteza njia moja ya kuuona wema huo.

Na hii si nadharia tu. Sehemu kubwa ya mbuga zile imelimwa, na mahali jembe lilipopita, ua hili halirudi kirahisi. Waliolima walitafuta mkate, si ubaya. Lakini Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya 2015, anatukumbusha kuwa viumbe vina thamani mbele ya Mungu hata pale sisi tusipoona faida yake.

Sasa turudi kwetu. Wengi tunasema, "Jumuiya ikichangamka, nitaenda. Nikipata kazi, nitaanza kutumikia." Ua la Pasaka halingoji mbuga nzima iwe kijani. Tofauti ni kwamba ua halichagui. Linafuata asili yake. Wewe una hiari, ndiyo maana kutangulia kwako kunaitwa upendo. Huenda kuna mwenzako mmoja anayetoka kwenye baridi yake: amefiwa, amefeli, amerudi kanisani baada ya miaka. Ukimpokea huyo mmoja, hujui kundi zima litakalotoka kwake.

Zoezi la wiki:
1. Soma Mathayo 6:25-34 polepole.
2. Tafuta ua moja la porini eneo lenu. Waulize wazee jina lake, kisha angalia ni wadudu gani wanaolitembelea.
3. Mtangulie mtu mmoja kwa salamu, simu au msamaha.

Tusali: Ee Mungu Muumba, utupe moyo wa kutangulia katika upendo na mikono ya kutunza ulichokiumba. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.