SOMO LA ROBO HII: “Release” na Deni la Mbolea



Somo la robo hii limetokana na kosa letu wenyewe. Tulipokea barua ya wafadhili, kwa Kiingereza, ikisema kwamba fungu la pili la fedha za mradi wa mbolea lingekuwa “released” mara tu taarifa ya nusu mwaka itakapowafikia. Sisi wa ofisini tukaitafsiri kwa haraka na kuandika kwamba fedha za mbolea “zitaachiliwa”. Barua ikasomwa kwenye mitaa baada ya ibada. Upande wa Nyololo wakopaji kadhaa walielewa kwamba deni la mbolea ya kupandia na ya kukuzia limesamehewa. Waliokwisha kulipa wakanung’unika, waliokuwa bado wakamshukuru Mungu, na marejesho yakasimama. Tulipokwenda kueleza, mzee mmoja wa kanisa alitujibu kwamba sisi ndio tulioandika habari ya kuachilia, na wao neno hilo wanalijua kutoka kwenye Biblia. Hakukosea.

Basi tumeona ni vema tulichunguze neno lenyewe, maana barua za namna hii zitaendelea kuja.

Kiingereza kililipata neno “release” kutoka Kifaransa cha zamani, na Kifaransa kililitoa kwenye Kilatini, “relaxare”, yaani kulegeza. Neno “relax”, la kupumzika, ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwa hiyo picha iliyomo ndani yake ni kamba iliyokuwa imekazwa, kisha ikalegezwa. Kila anayefuga mbuzi anajua kwamba kulegeza si kufungua. Mbuzi aliyelegezewa kamba hufika kwenye majani ya mbali kidogo, lakini kigingi bado kinamshika. Baadaye neno likapanuka. Wanasheria wa Uingereza walilitumia kwa mtu anayeacha dai lake kwa maandishi, kama dai la ardhi au la deni. Likatumika kwa mfungwa anayetoka gerezani, kisha kwa fedha zinazotoka mfukoni mwa mwenye nazo, na hata kwa taarifa inayotolewa kwa waandishi wa habari. Vijana wetu nao husema msanii “ameachia” wimbo mpya, na hiyo ni “release” hiyohiyo iliyovaa kanzu ya Kiswahili.

Sasa tufungue Biblia. Tafsiri ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, inatumia “release” katika Kumbukumbu la Torati 15, penye agizo la mwaka wa saba ambapo mkopeshaji anaacha dai lake kwa ndugu yake. Inalitumia tena katika Yohana 18:39, Pilato anapozungumzia desturi ya kumtoa mfungwa mmoja wakati wa Pasaka. Watafsiri wa Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952 hawakuridhika na neno moja. Kwenye deni waliweka “maachilio”, kwenye mfungwa wakaweka “kufungulia”. Tunadhani walifanya vizuri kuliko Waingereza, maana msikilizaji wa Kiswahili anajua papo hapo kama linalozungumzwa ni deni au ni minyororo.

Luka 4:18 inatufundisha jambo jingine. Katika Kigiriki neno ni lilelile mara mbili, “aphesis”, kwa mateka na kwa walioonewa. Kiswahili kimetumia kufunguliwa kwa wale wa kwanza na kuachwa huru kwa wale wa pili. Neno hilohilo likifika Matendo 2:38 linakuwa “ondoleo” la dhambi, na kitenzi cha ukoo wake ndicho tunachokitamka kila siku katika Sala ya Bwana tunapoomba kusamehewa. Mathayo 6:12, kwa Kigiriki, inasema wazi kwamba kinachosamehewa ni deni. Ndiyo maana yule mzee wa kanisa alikuwa na msingi. Kwa Mkristo anayesoma Biblia yake, kuachilia na deni ni maneno yanayokaa nyumba moja.

Lakini tusisome Kumbukumbu la Torati 15 nusunusu. Mstari wa 9 unaonya juu ya mtu anayekataa kukopesha kwa sababu mwaka wa maachilio umekaribia. Na mistari ya 13 na 14, inayohusu mtumwa anayeachwa huru, inamkataza bwana wake kumwacha aende mikono mitupu. Ampe kutoka katika kundi lake, sakafu yake ya kupuria nafaka na shinikizo lake.

Historia ya nchi yetu inaonyesha agizo hilo lilivyosahauliwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Uingereza, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hali ya utumwa katika sheria. Hata hivyo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, tena aonyeshe kwamba ana mahali pa kuishi na njia ya kujipatia riziki. Fidia akalipwa bwana. Huku bara, serikali ya Wajerumani ilitoa barua za huru kwa makumi ya maelfu ya watu, na wengi wao walijikomboa kwa fedha zao au kwa kazi ya mikono yao. Iliamuliwa kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, lakini wazazi wao hawakuguswa. Utumwa ulifutwa kabisa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hao Waingereza wenyewe, walipopitisha sheria ya kuwaacha huru watumwa wa makoloni yao mwaka 1833, walitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya mabwana. Watumwa hawakupewa kitu, na wengi walilazimishwa kuwatumikia mabwana walewale hadi mwaka 1838. Hapo kamba ililegezwa tu, kigingi kikabaki.

Na sisi kama taifa tumewahi kuwa upande wa mdaiwa. Makanisa mengi duniani yaliungana katika kampeni ya Jubilee 2000, yakichukua jina lake kutoka Mambo ya Walawi 25, kudai nchi maskini zifutiwe madeni. Tanzania ilitimiza masharti ya mpango wa nafuu hiyo mwezi Novemba 2001. Januari 2002 ada ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa, na watoto wakafurika hadi madarasa na madawati yakapungua. Wapo waliolalamikia masharti, na tunawaelewa. Lakini aliyesamehe deni lile alisamehe fedha iliyokuwa mali yake, na hapo ndipo suala letu la mbolea linapotofautiana.

Mfuko wetu wa mbolea ni wa kuzunguka. Anachorudisha wa kwanza ndicho atakachokopeshwa wa pili. Fedha hizo zikisamehewa, anayesamehe si ofisi wala mfadhili. Ni yule mama aliye kwenye orodha ya msimu ujao, ambaye hajaulizwa. Mtu hawezi kuachilia kilichomo mkononi mwa mwingine. Kwa hiyo tumewaomba radhi wote waliosikia tafsiri yetu, na deni linabaki deni. Kuanzia sasa fedha zikitumwa tutaandika “zitatumwa” au “zitatolewa”. “Kuachilia” tutaliweka pale tu ambapo kuna dai linaloachwa. Wafadhili wetu nao tunawaomba, wanapoandika “release”, waongeze sentensi moja ya kueleza ni nani anatoa nini na kwa nani. Haitawagharimu kitu.

Limebaki suala la wale ambao mahindi yao kweli yalikataa. Kwao kamati za mitaa zimependekeza deni ligawanywe kwa misimu miwili bila nyongeza yoyote, yaani kamba ilegezwe. Wengine wanasema hiyo haitoshi kwa kaya mbili au tatu zenye ugonjwa, na kwamba usharika uchangie sadaka maalumu ili deni lao lilipwe mfukoni badala ya kufutwa tu. Sisi tunaelekea upande huo, lakini uamuzi si wetu.

Tunaomba kila kamati isome Kumbukumbu la Torati 15:1-15 pamoja na daftari la marejesho, vyote viwili vikiwa mezani, na ijadili: katika orodha yetu ni nani anahitaji kulegezewa, na ni nani anahitaji kufunguliwa kabisa? Atakayelipia ni nani, na je, amekubali? Majibu yatufikie kabla ya mvua za kupandia, ili wanaosubiri mbolea wasicheleweshwe.